Mizigo ya Nebraska

Jumapili, 3 Oktoba 1999

Mimi Mwadini Faki, mzaliwa wa Wete, mkaazi wa Thamesmead, London, dereva wa teksi za mtaani, ni mtu mwenye bahati kuliko Mpemba yeyote aliyepata kuvuka maji. Naandika hivi ili atakayekuja kulisoma daftari hili ajue mapema anasoma habari za nani. Nimeshinda ile bahati nasibu ya viza ya Amerika. Wanaomba mamilioni kila mwaka, dunia nzima, na kompyuta yao imefumba macho ikanichagua mie.

Nimeitangaza leo Queensbury, kwenye dua ya nyumba mpya ya Harith. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Harith katutembeza vyumba vyote, hadi kabati la boila la kuchemshia maji katufungulia tulitazame. Mahmood kasema mwanawe kaingia kusomea udaktari. Halafu Hayat, binti wa Bi Time, mzee wa mtaani kwetu, alikuwa anapita na sinia la sambusa, akaniuliza mbele ya watu: "Na wewe Mwadini, bado mabasi yanakupita?" Watu wakacheka. Mie nikachukua sambusa, nikaitafuna taratibu, nikasema naondoka baada ya Idi, nimeshinda viza. Kimya kilichoshuka pale, hata boila lilisikika.

"Jimbo gani?" akauliza Harith.

"Nebraska."

Nimechagua Nebraska kwa akili. New York Wazanzibari wapo, Ohio wapo, Texas wapo. Wakishakuwepo wawili mahali, mmoja wao anajua babu yako alifukuzwa msikitini kwa sababu gani. Nebraska hayupo hata mmoja.

Jumatatu, 4 Oktoba

Mvua. Abiria kasahau meno yake ya bandia kwenye kiti. Nimemrudishia mpaka mlangoni. Kanishukuru bila ya kufungua mdomo.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimepita maktaba kuitazama Nebraska iko wapi. Si kwamba sikujua, nilitaka kuhakikisha. Nimeishuka pwani ya mashariki kwa kidole, kutoka juu hadi chini, haipo. Nimeipanda pwani ya magharibi, haipo. Ipo katikati kabisa, kama kitovu. Ukitoka hapo, shika njia yoyote uipendayo, bahari huioni mpaka upite majimbo mengine matatu. Mpemba kukaa mahali kama hapo ni sawa na samaki kupewa nyumba ghorofa ya tisa.

Nimeazima kitabu. Ni cha watoto wa skuli, jaladani kina ng'ombe. Mie skuli niliiacha darasa la saba, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini kitabu chenye picha hakijanishinda bado.

Jumapili, 10 Oktoba

Mahmood kaja na bakuli la halua, limefungwa kwa tepu kama kichwa cha majeruhi.

"Mzigo mdogo tu, yakhe. Umpitishie ndugu yangu Toronto."

"Toronto ni Kanada, Mahmood."

"Si hukohuko?"

Nikaona hapa panataka elimu. Wali ulikuwa mezani, nikaligeuza sinia kuwa ramani. Nikamwambia: Nebraska ndiyo hili paja la kuku, katikati. Toronto ni hiki kipande cha ndizi, kule juu ukingoni. Hii zabibu ni Chicago. Kati ya paja na ndizi, ukiendesha gari mchana kutwa na usiku kucha, bado hujafika.

Mahmood akalitazama sinia kwa makini. "Mbona karibu," akasema. "Hata mkono sijaunyoosha." Akala Chicago, akaniachia halua.

Alkhamisi, 14 Oktoba

Kwetu mtu akisafiri hawi msafiri, anakuwa posta. Kuukataa mzigo ni kama kukataa salamu. Sasa nina achari ya kupeleka Boston, udi wa Los Angeles, kanga doti mbili za Florida, na pweza mkavu ambaye aliyemleta hakusema wa wapi, kasema nikifika nimpigie. Pweza nimemtundika nje ya dirisha. Jirani yangu Josée, mama wa Kikongo wa mlango wa pili, kanigongea.

"Baba Mwadini, iko kitu inakufa kwako?"

"Ni mzigo wa Amerika, Mama Josée."

"Eh. Basi Amerika inanuka mubaya."

Jumapili, 17 Oktoba

Leo kaja Bi Time mwenyewe, kashikwa mkono na Hayat, kapanda ngazi zote kwa sababu lifti yetu inafanya kazi siku za mkaguzi tu. Nikasema moyoni, huyu atakuwa na gunia. Akakaa, akapumua, akasema:

"Mwanangu Matar yuko Nebraska."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Chai nimeifuta mpaka magharibi.

Kasema hajapata kumwambia mtu jimbo. Akiulizwa husema "yuko Amerika", basi, kwa sababu angelitaja jimbo wangemuuliza na habari za mwanawe, na habari hana. Mwaka wa tatu huu Matar hapigi simu. Namba yake ya zamani inalia tu, haipokelewi. Kitu cha mwisho alichomwambia ni kwamba anafanya kazi ya ng'ombe.

"Sina mzigo, mwanangu," kasema. "Utakwenda, utamtafuta, najua. Ila kabla hujaenda, nataka uniambie nchi hiyo ikoje. Nikifumba macho nataka nimwone anapokaa. Sasa hivi nikifumba naona giza tupu."

Ningesemaje? Nimesema naam. Nimesema tena, bila ya kuulizwa, kwamba viza ya bahati nasibu haibani, inaingiza na familia nzima. Ulimi wangu ukishawaka moto haujui breki.

Hayat kashuka ngazi wa mwisho. Kageuka. "Tikiti umeshakata?"

"Tikiti ni kazi ya siku moja," nikamwambia.

"Na kuikwepa ni kazi ya siku zote," kasema.

Jumapili, 24 Oktoba

Darsa ya kwanza, nyumbani kwa Bi Time. Nilidhani tutakuwa watatu, sebule imejaa. Mahmood kaja na kiti chake.

Nimewaeleza umbo. Nebraska ni kama meza iliyokatwa kona ya chini upande wa kushoto. Tena meza yenyewe imeinama. Mashariki iko chini, kwenye mto mkubwa wa Missouri, na huko ndiko uliko mji wa Omaha, mkubwa kuliko yote. Makao makuu ni Lincoln. Kadiri unavyokwenda magharibi ardhi inapanda bila ya kukwambia, mpaka unajikuta uko juu na huoni hata ulipopandia. Juu kuna vilima vya mchanga vilivyoota majani, maili na maili, ng'ombe tu wanapumua. Na katikati unapita mto Platte, mpana kuliko Thames, lakini maji yake pengine hayafiki gotini. Wenyeji wa mwanzo, Waoto, waliuita maji bapa, na ndilo jina la Nebraska lenyewe.

"Maji ya gotini?" Bi Time kauliza. "Basi hazami mtu."

"Hazami mtu, Bi Time."

Kafumba macho pale pale. "Hebu niambie tena huo mto," kasema. Nikamwambia tena. Mahmood kakiacha kikombe hewani.

Jumanne, 26 Oktoba

Baridi. Nimeionja halua ya Toronto kuhakikisha haijaharibika.

Jumapili, 31 Oktoba

Darsa ya historia. Mfaransa aliiuza nchi hiyo mwaka 1803 pamoja na nyingine tele, kwa mkupuo, na waliokuwa wakikaa ndani hawakuulizwa. Ikawa jimbo mwaka 1867. Serikali ikatangaza: njoo, chukua eka mia na sitini, kaa miaka mitano ulime, ni yako. Watu wakaja, hawakukuta mti wa kujengea. Wakakata ardhi yenyewe, majani na mizizi yake, wakaipanga kama matofali, wakaingia ndani. Mvua ikinyesha, matope kwenye sufuria. Nyoka pia walishuka kutoka darini.

"Nyumba ya udongo," kasema Bi Time. "Kumbe Wazungu nao."

Harith, aliyetoka Queensbury kuja kunisikiliza kwa ubaya wake, kauliza: "Nani aliyetoa ardhi hiyo bure, wakati ina wenyewe?"

Nimemwambia swali zuri, tutalifikia. Ukweli kurasa hizo nilikuwa bado sijazisoma.

Jumanne, 2 Novemba

Halua bado haijaharibika.

Jumapili, 7 Novemba

Leo kidogo tugombane. Nilieleza kwamba bunge la Nebraska lina chumba kimoja tu, majimbo mengine yote yana viwili. Wakalipokea. Nikasema tena kwamba wabunge wake hawachaguliwi kwa vyama, kwenye karatasi ya kura chama hakiandikwi. Sebule nzima ya Wapemba ikanitazama kama nimesema huko watu hawana vichwa.

"Sasa wanachukiana kwa kitu gani?" kauliza Mahmood.

"Na kwenye harusi watajuaje nani asialikwe?" kasema Hayat.

Nimeona kacheka. Kacheka kwa maneno yake mwenyewe, lakini uso ulikuwa umenielekea mie.

Jumatano, 17 Novemba

Pancha Plumstead. Mvua. Pancha tena, tairi lile lile.

Jumapili, 21 Novemba

Leo nimelifikia swali la Harith, na sijui kama nimefanya vizuri.

Wenyewe wa ardhi walikuwa makabila mengi, mojawapo ni Waponka, waliokaa pale mto Niobrara unapoingia Missouri. Mwaka 1877 wanajeshi wakawahamisha kwa nguvu, wakawapeleka kusini, nchi ya joto na homa. Wakafa wengi. Kulikuwa na mzee wao mkubwa, akafiwa na mtoto wa kike, kisha na wa kiume. Yule wa kiume, kabla ya kukata roho, alimwomba baba yake asimzike ugenini, amrejeshe kwao mtoni. Baba akaichukua maiti na watu wachache, Januari, wakaenda kaskazini. Wakakamatwa wakiwa ndani ya Nebraska. Kesi ikasikilizwa Omaha, na lililobishaniwa, jamani, ni kama mzee yule ni mtu mbele ya sheria au si mtu. Jaji akaamua ni mtu. Wakamwachia, akaenda akamzika mwanawe.

Hata Harith alikuwa anatazama zulia.

"Alikwenda kwa miguu?" kauliza Bi Time.

"Kwa miguu, na magari ya kukokotwa."

"Na baridi?"

"Baridi ya kuua."

"Na mwanawe keshakufa."

"Keshakufa, Bi Time."

Akazungusha tasbihi mara moja, akaiweka. "Wangu yu hai," kasema. Kisha akatuambia tunywe chai.

Jumatano, 24 Novemba

Nimeegesha kituoni Abbey Wood, mlango wa nyuma ukafunguliwa, kaingia Hayat na sare yake ya kazi, anatoka kwenye nyumba ya wazee anakohudumia. Kakaa kama abiria. Nikauliza wapi, kasema popote, endesha.

"Mama anarejesha nyumba," kasema.

"Nyumba gani?"

"Ana ngapi? Hii aliyopangishwa na kaunsili ya mtaa. Kashawapa taarifa. Jumatatu ya tarehe ishirini mwezi ujao anakwenda kukabidhi ufunguo, akae kwangu mpaka siku ya safari. Anakwenda na wewe Nebraska."

Nikapita taa nyekundu.

"Ulimwambia viza yako inaingiza familia. Kasema mama yako marehemu, basi kuanzia sasa kakuzaa yeye. Nimemwambia Mama, hawakubali hivyo. Kasema yule mzee wa Kiponka pia walimwambia hawakubali." Tukafika mzunguko wa barabara. "Nyumba ile aliingoja miaka saba, Mwadini. Akiirejesha haipati tena. Kwangu ni chumba kimoja na watoto. Kwa hivyo niambie sasa hivi, peke yetu. Safari ipo?"

Hapa palikuwa pahala pazuri pa kusema. Njia nyeupe, mvua imekatika, hakuna mtu. Nimesema: "Hayat, bwana, kwani mie mtu wa kutania?"

Kaomba nimshushe. Nauli kaiweka kwenye kiti ingawa nimeikataa.

Alkhamisi, 25 Novemba

Josée kanionesha masufuria mapya. "Maman Time ananipatia yote, na pasi, na mukeka. Anasema anaenda na mutoto yake mukubwa. Sikujua kama ni weye." Kaniombea kwa Kifaransa, mkono kichwani kwangu.

Jumapili, 28 Novemba

Darsa ya leo nimeiandaa kwa makusudi. Nimewaeleza dhoruba ya theluji ya mwaka 1888, iliyowakuta watoto wakitoka skuli, wengi hawakufika majumbani.

"Mie sendi skuli," kasema Bi Time.

Nikaeleza vimbunga, vinavyoshuka kama mkonga wa tembo vikang'oa nyumba na msingi wake.

"Nitakuwa sina nyumba, nimeshairejesha."

Nikasema hakuna samaki wa bahari, ni nyama ya ng'ombe asubuhi na jioni.

"Meno ninayo."

Nikasema, Bi Time, hutaiona bahari tena.

"Niliiona ya kutosha siku tuliyokimbia kwetu," kasema. "Endelea, mwanangu. Wapi pengine?"

Watu wakadhani ni mchezo tumeupanga sisi wawili, wakacheka mpaka Mahmood kikamvunjikia kiti. Mie jasho lilikuwa linanitoka mgongoni.

Jumamosi, 4 Desemba

Nimepata fikra, na fikra yenyewe ni ya kitaalamu. Anayeweza kumzuia mama ni mtoto. Nimtafute Matar, amwambie mwenyewe asije.

Nimekwenda Peckham nikanunua kadi za simu, zile zenye simba. Kitabu kinasema viwanda vya nyama vya Nebraska vimefuata mto Platte, mji baada ya mji. Elimu ya duniani inasema kila penye kiwanda cha nyama siku hizi hapakosi Wasomali, Wasomali hawakosi duka, na duka halikosi mtu anayejua kila mtu. Nikauliza huduma ya namba, nikapiga. Mji wa kwanza hawamjui. Wa pili kanikatia. Wa tatu, mwenye duka kasema kwa Kiswahili cha Mombasa: "Matar yule mrefu, hacheki? Anakuja kununua basmati. Nipigie saa nane za kwenu."

Nilipopiga tena, sauti ikasema, "Nani?"

"Mwadini Faki wa Wete, nipo London. Mama yako anakuulizia."

Kadi inaliwa. "Kafa?"

"Kafa nani? Yu hai, kagawa masufuria yote, anakuja kwako."

Nikasikia mtu analia mbali, kama anajificha nyuma ya magunia. Kasema kila alipokuwa akipiga, mama akimuuliza unarudi lini, na yeye hana karatasi za kutoka na kurudi. Akaona wiki hii asipige, apige ijayo akiwa na jawabu. Wiki ijayo vilevile. Kisha ikawa aibu, na aibu haina namba ya simu. Anakata nyama, kasema. Mkono mmoja haufungiki vizuri.

Nikaona ndiyo nafasi. "Basi mwambie asije. Mwambie kuna baridi."

"Baridi ipo kweli," kasema. "Lakini nina koti la ziada. Mlete, kaka. Mnashukia Omaha? Nitaomba ruhusa nije niwapokee."

Kadi ikakatika. Simba yule nimemchana vipande viwili.

Alkhamisi, 9 Desemba

Mwezi mosi Ramadhani. Kuna faida moja ya London: jua linazama saa kumi. Halua ya Toronto imebaki bakuli tu.

Jumapili, 12 Desemba

Matar kapiga. Tulikuwa tunafuturu kwa Bi Time kwenye mikeka ya kuazima. Bi Time kaishika simu kwa mikono miwili kama anapokea kitoto. Hakumuuliza unarudi lini. Kamuuliza: "Huo mto wa maji ya gotini, wewe unauona?" Nadhani alimwambia anauona kila siku akienda kazini, kwa sababu Bi Time kageuka akatuambia, "Anauona," na uso ule nilitamani uchapishwe kwenye noti.

Hayat kanifuata jikoni. Kanitilia uji mabakuli mawili. "Nilikufikiria vibaya," kasema. "Mtu ambaye hana safari asingemtafuta Matar mji kwa mji. Nisamehe, Mwadini."

Nimesema si neno. Uji ulikuwa na pilipili manga na maziwa, na sikuweza kuumaliza.

Ijumaa, 17 Desemba

Sikwenda kazini.

Jumapili, 19 Desemba

Leo Bi Time kafanya futari ya kuagana. Nyumba tupu, sauti zinarudi ukutani. Watu wote wapo: Mahmood, Harith na mkewe, Josée kaja na masufuria ya Bi Time yaliyojaa ndizi. Mizigo imepangwa ukutani, na mipya imeongezeka, mmoja wa Brazil. Bi Time kavaa koti jipya juu ya buibui, hakulivua hata kwa kula, kasema analizoea. Kwenye mkeka, mbele yake, kaweka ufunguo. Hayat kakaa pembeni yangu. Kasema kwa sauti ya chini kwamba kesho saa tatu asubuhi anampeleka Mama ofisini, na kama nikipata nafasi nije na gari, kwa sababu miguu inamuuma.

Harith kainuka. Huyu Harith mwenye boila, aliyenicheka tangu tulipokuwa na kaptura, kasema: "Mwadini tulikuwa tunamtania mabasi yanampita. Kumbe alikuwa anangoja ndege." Wakapiga makofi. Bi Time kasema nami niseme.

Nikasimama. Nimezoea kusimama. Nilikuwa nimetayarisha kwamba ubalozi umechelewesha, kwamba baridi ya mwaka huu imezidi, na la tatu lilikuwa zuri zaidi ya yote, lilihusu daktari. Nikamtazama Bi Time na lile koti, bado lina kijikaratasi cha bei mkononi. Maneno yote matatu yakaniishia.

Kelele zilizofuata zimesikika Thamesmead nzima, sina haja ya kuziandika. Mahmood kauliza halua iko wapi. Hayat hakunipigia kelele, kauchukua ufunguo kwenye mkeka, kautia mfukoni, kashuka chini kwenye kibanda cha simu, maana ya nyumbani imeshakatwa, kumwachia ujumbe mtu wa kaunsili kwamba mama yake hahami, na alipopita karibu yangu hakunitazama. Bi Time kalivua koti, kalikunja, kalitia katika mzigo, kasema mtu mwingine amfikishie Matar, maana kule ana mikono miwili tu ya kufanyia kazi na mmoja haufungiki. Kisha kaniambia nikae chini nile, chakula kinapoa.

Nilichosema ni kifupi, nakiandika hapa kama nilivyokisema kule:

Bi Time, ufunguo usiurejeshe. Bahati nasibu sikushinda. Hata kuomba sikuomba.